Kwa nini hewa huitwa mchanganyiko na si kampaundi, ilhali viwango vyake ni vilevile kila mahali?

Mama wa Tabata

Habari za jioni ndugu zangu. Mwanangu yuko Kidato cha Kwanza katika shule moja hapa Dar es Salaam, na wiki hii wamefika kwenye mada ya elementi, kampaundi na michanganyiko. Mimi kemia niliiacha miaka mingi iliyopita, lakini kila jioni hukaa naye mezani, kwa sababu darasani wanafundishwa kwa Kiingereza na yeye huelewa zaidi tukilizungumza jambo kwa Kiswahili. Juzi aliniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu, na sipendi kumjibu mtoto kwa kubahatisha.

Daftari lake linasema kwamba kampaundi, ambayo wengine huiita msombo, ni kitu kilichoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia kwa uwiano maalumu, na kwamba vitu vilivyomo katika mchanganyiko vinaweza kuwa katika uwiano wowote. Ukurasa unaofuata unasema kwamba hewa ni mchanganyiko, kisha chini yake kuna jedwali: naitrojeni asilimia 78, oksijeni asilimia 21, agoni karibu asilimia 1, kabonidayoksaidi asilimia 0.04. Mwanangu akaniambia: "Mama, kama uwiano unaweza kuwa wowote, mbona kila kitabu kina namba hizihizi? Na kama namba ni hizihizi Tabata, Arusha na Ulaya, huo si ndio uwiano maalumu?"

Akaongeza la pili. Mchanganyiko wa mchanga na chumvi unautazama na kuona kwamba ni vitu viwili, lakini hewa ni kitu kimoja tu popote unapoigusa. Nilimjibu kwamba ndivyo mwalimu alivyosema, nikaona usoni mwake kwamba jibu hilo halikumtosha, na kwa kweli hata mimi halikunitosha. Naomba mwenye ujuzi anieleze kwa namna ambayo nitaweza kumfikishia mtoto wa miaka 14.

Mwalimu wa Mbagala

Mama, mimi nafundisha kemia huku Mbagala, na nakubali kwamba madaftari ya wanafunzi wetu ndiyo yanayozaa swali hili, kwa kuwa yanaandika maana mbili fupi na kuziacha zigongane. Swali la kijana lina historia ndefu. Mwaka 1781 Henry Cavendish alipima hewa ya London siku baada ya siku, asione tofauti yoyote ya maana katika kiasi cha oksijeni. Mwaka 1804 Joseph Louis Gay-Lussac alipaa kwa puto kutoka Paris hadi kimo cha mita 7,000 hivi, yaani juu kuliko kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, akateka hewa ya huko ndani ya chupa, na alipoipima aliporudi chini akaikuta na uwiano uleule wa hewa ya mjini. Matokeo ya namna hiyo yaliwafanya baadhi ya wanakemia wa zama hizo waamini kwamba hewa ni kampaundi. Kijana wako amepita njia waliyopita wao.

Kosa linaingia pale sentensi inapogeuzwa. Ni kweli kwamba kila kampaundi ina uwiano maalumu. Kanuni hiyo aliitetea Joseph Proust mwishoni mwa karne ya 18. Lakini haina maana kwamba kila kitu chenye uwiano usiobadilika ni kampaundi. Mama lishe anayechemsha chai ya maziwa kila alfajiri kwa kopo lilelile, maziwa kopo moja na maji makopo mawili, atakuuzia chai ya namna moja mwaka mzima, na bado maziwa na maji havijaungana kikemia. Uwiano ule unalindwa na kopo lake. Siku akizidisha maji, chai itakuwa nyepesi, lakini itaendelea kuwa chai. Sasa tazama maji yenyewe: katika kila gramu 9 za maji mna gramu 1 ya haidrojeni na gramu 8 za oksijeni, yawe yametoka Mto Ruvu na kusafishwa, au yamepatikana kwa kukeneka maji ya Bahari ya Hindi, yaani kuyachemsha na kuupoza mvuke wake. Ukichukua gramu 2 za haidrojeni na gramu 8 za oksijeni ukaziwasha, utapata gramu 9 zilezile za maji, na gramu 1 ya haidrojeni itabaki ilivyokuwa. Maji hayakubali uwiano mwingine, ilhali hewa inaukubali.

Basi kijana ana haki ya kuuliza kopo la hewa limeshikwa na nani. Jibu ni kwamba limeshikwa na mambo yaliyo nje ya molekuli za hewa. Pepo huikoroga angahewa bila kupumzika. Molekuli za gesi husambaa zenyewe na kuingiliana. Naitrojeni ni mvivu wa kuungana na vitu vingine, kwa hiyo haipungui kwa urahisi. Na oksijeni inayotumiwa na viumbe na mioto hurudishwa na mimea, nayo ni nyingi mno kiasi kwamba matumizi ya siku au ya mwaka hayaonekani katika jedwali. Palipo na mkorogo hafifu, uwiano hubadilika. Ukipanda juu sana, kupita kilomita 100 hivi kutoka usawa wa bahari, mkorogo hauna tena nguvu na gesi huanza kujitenga kwa uzito wake, nzito zikibaki chini na nyepesi zikitawala juu. Kampaundi isingeweza kujipanga hivyo kwa uzito, kwa sababu sehemu zake zimefungwa pamoja.

Na si lazima twende mbali kiasi hicho. Pumzi tunayoitoa ina oksijeni asilimia 16 hivi na kabonidayoksaidi asilimia 4 hivi, nayo hakuna anayeiita kwa jina jingine ila hewa. Kabonidayoksaidi ya angahewa ilikuwa sehemu 315 hivi katika milioni ilipoanza kupimwa kila siku kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na sasa imepita 420. Hewa imebadilika uwiano katika umri wa watu walio hai, na haijawa kitu kingine.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, ni wa mizani, na huwa nasikitika kwamba hauandikwi mara nyingi kwenye madaftari. Katika nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo (yaani msukumo) ya kawaida ya angahewa, lita moja ya naitrojeni ina gramu 1.251, lita moja ya oksijeni ina gramu 1.429, na lita moja ya hewa kavu ina gramu 1.293. Tangu Amedeo Avogadro alipotoa wazo lake mwaka 1811, tunafahamu kwamba gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli, kwa hiyo uzito wa lita moja unatueleza uzito wa molekuli moja. Tukihesabu uzito wa atomi ya haidrojeni kuwa 1, molekuli ya naitrojeni ni 28, ya oksijeni ni 32, na ya hewa, tukiifanya kama kitu kimoja, inatoka karibu 29. Sasa mwambie kijana ajaribu kuunda molekuli ndogo kabisa yenye naitrojeni na oksijeni pamoja. Hawezi kwenda chini ya atomi moja ya naitrojeni, ambayo ni 14, na atomi moja ya oksijeni, ambayo ni 16. Jumla ni 30. Hewa ni nyepesi kuliko molekuli ndogo kabisa ambayo elementi hizo mbili zinaweza kuunda zikiungana! Lakini akichukua sehemu 78 katika mia za 28, sehemu 21 katika mia za 32, na sehemu 1 katika mia ya agoni ambayo ni 40, akajumlisha, atapata 28.96. Namba hiyo inatoka pale tu gesi zinapokaa kila moja peke yake bila kushikana.

Tena, kampaundi halisi za naitrojeni na oksijeni zipo na tunazifahamu, nazo hazifanani na hewa hata kidogo. Moja ina atomi mbili za naitrojeni kwa moja ya oksijeni. Ni gesi yenye utamu kwa mbali, na madaktari huitumia kupunguza maumivu na kuleta usingizi. Nyingine ina atomi moja ya naitrojeni kwa mbili za oksijeni. Ni ya rangi ya kahawia na ni sumu kwa mapafu. Ili naitrojeni na oksijeni ziungane panahitajika joto kali kama la radi au la ndani ya injini ya gari. Ukizikusanya tu katika chupa moja, nne kwa moja, hakuna joto linalotoka wala linaloingia, ujazo haubadiliki, na unachopata kinawasha mshumaa na kumwezesha panya kupumua kama hewa ya kawaida.

Kuhusu swali la pili nitasema kwa ufupi. Kuonekana sare si kipimo. Maji ya chumvi nayo ni sare kutoka juu hadi chini, na kijana anajua kwamba ni mchanganyiko kwa sababu anaweza kuyaanika akapata chumvi. Molekuli ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, kwa hiyo tunauliza vitu vinatenganishwaje, hatuulizi vinaonekanaje.

Fundi wa Mitungi

Nashukuru kwa maelezo ya Mwalimu. Mimi si mwalimu. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika kiwanda kinachozalisha gesi za mitungi hapa Dar es Salaam, na ningependa kuongeza upande wa kazi, kwa sababu sisi kila siku tunaitenganisha hewa bila kuvunja molekuli hata moja.

Hewa tunaivuta kutoka nje, tunaichuja vumbi, tunaikandamiza kwa kompresa, kisha tunaiondolea mvuke wa maji na kabonidayoksaidi. Hatua hiyo hairukwi, kwa sababu vitu hivyo viwili vikiingia kwenye sehemu ya baridi kali huganda na kuziba mabomba. Baada ya hapo hewa hupozwa mpaka inakuwa kimiminika, ikaingizwa kwenye mnara mrefu. Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, agoni kwenye nyuzi 186 chini ya sifuri, na oksijeni kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo naitrojeni hupanda juu ya mnara ikiwa gesi na oksijeni hubaki chini ikiwa kimiminika chenye rangi ya buluu hafifu. Njia hii ya kuipoza hewa kwa wingi aliifikisha viwandani Carl von Linde wa Ujerumani mwaka 1895, na msingi wake haujabadilika.

Kuna jambo moja ambalo nadhani litamsaidia kijana kuliko michoro ya mnara. Hewa iliyo kimiminika ikiwekwa kwenye chombo kilicho wazi, huanza kuchemka kwenye nyuzi 194 hivi chini ya sifuri, lakini haitulii hapo. Kadiri inavyochemka, naitrojeni hutangulia kuondoka, kilichobaki huzidi kuwa na oksijeni nyingi, na joto lake hupanda polepole kuelekea nyuzi 183 chini ya sifuri. Maji safi yakichemka hapa Dar es Salaam hukaa kwenye nyuzi 100 mpaka tone la mwisho. Kitu ambacho kiwango chake cha kuchemka kinatembea hivyo hakiwezi kuwa kampaundi moja, na sisi tunakishuhudia kwenye vipimo vyetu kila zamu. Hata sumaku hutofautisha: oksijeni iliyo kimiminika huvutwa na sumaku yenye nguvu, naitrojeni haivutwi. Kila moja imebaki na tabia yake.

Hospitali nyingi sasa zina mashine ndogo zinazotoa oksijeni pale pale wodini bila baridi yoyote. Ndani yake mna punje za madini yanayoitwa zeolaiti, ambayo hewa ikisukumwa kwa nguvu huishika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, kisha kanieneo ikishushwa naitrojeni huachiwa, na zamu nyingine ikaanza. Mgonjwa hupata oksijeni ya asilimia 93 hivi, na sehemu kubwa ya kile kinachobaki huwa ni agoni, ambayo zeolaiti hiyo haiwezi kuitenga na oksijeni. Kazi hiyo ni sawa na kuchekecha, na hakuna aliyewahi kupata haidrojeni kwa kuchekecha maji.

Naomba niseme pembeni kidogo kwa wale wanaotumia mitungi ya kuchomelea, maana nimeona mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam na kwingineko: msipake mafuta wala grisi kwenye koki ya mtungi wa oksijeni. Oksijeni tupu yenye kanieneo kubwa inaweza kuyawasha mafuta hayo bila kiberiti. Ndani ya hewa ya kawaida oksijeni hiyohiyo ina naitrojeni nyingi pembeni inayoipunguza makali, na hilo nalo ni jambo linalowezekana kwa sababu zimechangamana tu.

Mama wa Tabata

Mwalimu, Fundi, nawashukuru sana. Nimemsomea kijana majibu yenu yote na tumeifanya hesabu ya 28.96 pamoja kwa kalamu. Habari ya 29 kuwa ndogo kuliko 30 imemshika kweli. Amekwenda kuwaandikia wenzake.

Sasa ameleta mambo mawili mengine. La kwanza, kitabu chake kina jaribio la mshumaa uliosimamishwa kwenye sahani ya maji na kufunikwa na glasi. Mshumaa unazimika, maji yanapanda, na kitabu kinasema maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyokwisha, ambayo ni moja ya tano. Tulipolifanya nyumbani maji yalipanda, lakini kila tuliporudia yalipanda kiasi tofauti, na tulipoweka mishumaa mitatu yalipanda zaidi. Je, mishumaa mitatu imepata wapi oksijeni ya ziada? La pili, glasi ya maji baridi hapa kwetu hulowa nje ndani ya dakika chache. Kama maji hayo yametoka hewani, mbona mvuke haumo katika jedwali?

Mzee wa Maabara, Kigamboni

Binti yangu, mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara za shule mpaka nilipostaafu, na nimeandaa jaribio hilo la mshumaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mpongeze kijana kwa kurudia kipimo, maana wengi hukifanya mara moja tu, wakapata kitu kinachokaribia moja ya tano, wakafurahi na kuandika.

Jaribio hilo halipimi oksijeni. Mwali wa mshumaa huipasha joto hewa unapoifunika kwa glasi. Hewa hupanuka na sehemu yake hutoka kwa vipovu chini ya ukingo. Mshumaa ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, nayo maji husukumwa juu. Mishumaa mitatu ina joto zaidi, hutoa hewa zaidi, na maji hupanda zaidi. Oksijeni haijaisha: mshumaa huzimika ikiwa bado imebaki nyingi, tena sehemu ya ile iliyotumika inarudi humohumo ikiwa kabonidayoksaidi. Namba ya moja ya tano ni ya kweli, lakini mshumaa si shahidi wake.

Shahidi mzuri ni kutu, kwa sababu chuma kinapopata kutu huichukua oksijeni peke yake, polepole, bila joto la kuhesabika na bila kutoa gesi nyingine. Mwambie kijana aende kwa fundi wa vyuma aombe vumbi linalodondoka kwenye tupa. Asichukue lile la mashine ya kukatia, kwa kuwa limekwisha kuungua kwa cheche, wala asitumie stilwaya ya kung'arisha sufuria, kwa sababu zile zinazong'aa mara nyingi hutengenezwa zisishike kutu. Aoshe vumbi hilo kwa siki kidogo kuondoa mafuta, alisuuze, kisha aloweshe ndani ya glasi nyembamba ndefu na kulinyunyiza ligande kwenye kitako na kuta za ndani. Ageuze glasi juu chini ndani ya bakuli la maji, aweke alama mahali maji yalipoanzia, aiache kivulini siku nne au tano, na kipimo cha mwisho akichukue saa ileile ya siku aliyoanzia ili joto lisimdanganye. Maji yatapanda mpaka karibu moja ya tano na kusimama. Kilichobaki juu, akikiingiza njiti inayowaka, kitaizima mara moja.

Sasa kuhusu glasi inayolowa. Kijana ameona kitu ambacho jedwali limekificha kwa neno moja ambalo huenda halikunakiliwa: jedwali lile ni la hewa kavu. Wanasayansi huuondoa mvuke kabla ya kuandika namba kwa sababu mvuke haukai mahali pamoja. Mchana wa joto la nyuzi 30 na unyevunyevu wa asilimia 75, kama tunavyoupata sana hapa pwani, mvuke wa maji ni karibu asilimia 3 ya hewa yote. Kwa hiyo hewa anayoivuta kijana mchana kama huo haina oksijeni asilimia 21. Ina asilimia 20.3 hivi, na naitrojeni haifiki hata 76. Mvuke ni mwingi kuliko agoni mara tatu, na ni mwingi kuliko kabonidayoksaidi mara nyingi sana. Akienda Dodoma wakati wa kiangazi mvuke utapungua na namba nyingine zote zitapanda kidogo. Jibu la swali lake la kwanza limekuwa likitiririka kwenye glasi ya maji baridi hapo mezani.

Nisisahau hili, kwa sababu watu huchanganya. Anayepanda Kilimanjaro huambiwa kwamba kule juu oksijeni ni chache. Uwiano wake ni uleule wa asilimia 21 za hewa kavu. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa yote, ambayo kileleni ni karibu nusu ya ile ya hapa pwani, kwa hiyo kila pumzi moja ina molekuli chache za kila gesi.

Mwalimu wa Mbagala

Shikamoo Mzee. Nimejifunza, na nitalirekebisha jaribio la mshumaa darasani kwangu.

Naongeza mambo mawili tu. Kijana atakapokuwa akisubiri kutu, achemshe maji ya bomba kwenye sufuria na kutazama vipovu vidogo vinavyoshika ukutani muda mrefu kabla maji hayajachemka. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Ikikusanywa na kupimwa, oksijeni yake hukutwa ni theluthi moja hivi, kwa sababu oksijeni huyeyuka katika maji karibu mara mbili zaidi ya naitrojeni. Kampaundi ingeyeyuka yote kwa pamoja na kutoka na uwiano ilioingia nao. Samaki wote wanaofikishwa Feri wameishi kwa kutegemea oksijeni hiyo iliyoyeyuka.

La pili ni kuhusu agoni, kwa kuwa imo katika jedwali na hakuna anayeisemea. Ni karibu asilimia 1 ya hewa, na hakuna aliyeijua mpaka mwaka 1894. Kabla ya hapo Lord Rayleigh alikuwa ameona kwamba lita ya naitrojeni iliyotolewa hewani ilikuwa na gramu 1.257, na ile iliyotengenezwa kutokana na kampaundi ilikuwa na gramu 1.251 tu. Badala ya kuipuuza tofauti hiyo ndogo aliifuatilia pamoja na William Ramsay, wakaikuta gesi isiyoungana na kitu chochote walichoijaribia. Cavendish mwenyewe, mwaka 1785, alikuwa amebakiwa na kipovu kidogo kisichozidi sehemu 1 katika 120, akakiandika kwa uaminifu bila kujua ni nini. Elementi isiyoungana na kitu isingeweza kuwa sehemu ya kampaundi, na bado kila lita ya hewa tunayoivuta inayo.

Mama wa Tabata

Shikamoo Mzee, na Mwalimu asante tena. Narudi baada ya siku tano kama nilivyoagizwa. Vumbi la tupa tulilipata kwa fundi jirani, limegeuka jekundu lote. Kijana amepima kwa rula: nafasi ya hewa ndani ya glasi ilikuwa sentimita 15.0, na maji yamepanda sentimita 2.8. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu yake kabla, kwa asilimia 20.3 ya Mzee na si kwa 21 ya kitabu, akitarajia 3.0. Njiti imezimika kama mlivyosema. Sasa anataka kujua zile milimita 2 zimekwenda wapi.

Mzee wa Maabara, Kigamboni

Marahaba binti yangu. Zinaweza kuwa katika mambo mawili. Vumbi la chuma lenyewe lina ujazo, nalo alilihesabu kama hewa alipopima sentimita 15.0. Tena, kutu ikishatanda juu ya chuma, chuma kilichobaki ndani huchelewa kufikiwa na oksijeni ya mwisho. La kwanza atalipata kwa kumimina vumbi la kiasi hichohicho kwenye maji yaliyopimwa na kusoma yamepanda kiasi gani. Kwa la pili, glasi nyingine iachwe siku mbili zaidi bila kuguswa, na alama isifutwe.

Mama wa Tabata

Ameshaanza glasi ya pili. Ameiweka juu ya kabati, na karatasi yenye tarehe na saa ameibandika pembeni.